Nyumba Njema si Mlango, Lakini Mgeni Huanzia Mlangoni

Mnamo Agosti 2005 kundi la watungaji programu waliokuwa wamejitenga na mradi wao wa awali walikuwa wakiutafutia mradi wao mpya jina. Hatimaye walichagua neno la Kiswahili. Neno lenyewe ni "jumla", ila waliliandika kwa tahajia ya Kiingereza, likawa Joomla, ili Mwingereza na Mmarekani waweze kulitamka bila kujikwaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walikuwa wametoa toleo la kwanza la mfumo wa kuendeshea tarakilishi walioupa jina Ubuntu. Hilo ni neno la Kizulu na Kixhosa ambalo Mswahili halimpi taabu, kwa kuwa asili yake ni ile ile ya "mtu", "watu" na "utu".

Wenye Joomla hawakukomea hapo. Hata matoleo ya programu yao yamekuwa yakipewa majina ya Kiswahili. Toleo la 3.10, lililotoka Agosti 2021, liliitwa Daraja kwa sababu liliwavusha watumiaji kutoka mfululizo wa tatu kwenda wa nne. Toleo la 4.0, lililotoka siku hiyo hiyo, liliitwa Furaha. Mwaka uliofuata yakaja Kuamini na Uaminifu.

Bila shaka mpenzi wa Kiswahili anayeyasoma haya atatabasamu. Hata hivyo, tabasamu hilo linapasa kufuatwa na swali. Je, Mswahili akibisha hodi katika tovuti ya mradi huo unaojivika jina lake, hukaribishwa kwa lugha gani? Hukaribishwa kwa Kiingereza. Maneno yetu yamechongwa juu ya kizingiti cha mlango kama nakshi za Lamu, lakini anayefungua mlango hatusemeshi kwa lugha yetu.

Ninataka leo kulijadili suala hili la mlango, na nitatumia kisa kimoja ambacho huenda wasomaji wengi hawakukisikia kilipotokea. Ni kisa cha kufanyiwa upya kwa tovuti ya Debian, mradi wa programu huria unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Watu wengi wakisikia kwamba tovuti imefanyiwa upya hudhani kwamba pamebadilishwa rangi na picha tu. Hoja yangu ni kwamba mradi wa watu wa kujitolea unapoujenga upya mlango wake, kwa kweli unaamua ni nani anayehesabiwa kuwa mwenyeji na ni nani atakayebaki mgeni.

Kwanza, Debian ni nini? Ni mfumo endeshi, yaani mkusanyo wa programu zinazoiwezesha tarakilishi kufanya kazi. Ulianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Jina lake ni muungano wa majina mawili: Debra, aliyekuwa mchumba wake, na Ian mwenyewe. Hakuna kampuni inayoumiliki. Waundaji wake rasmi, wapatao elfu moja na waliotapakaa katika nchi nyingi, hufanya kazi hiyo bila kulipwa mshahara na mradi. Wana katiba, wana mkataba wa kijamii uliopitishwa mwaka 1997, na kila mwaka humchagua kiongozi wao kwa kura. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000. Ubuntu niliyoitaja hapo juu imejengwa juu ya msingi wa Debian. Mnamo 2013 ilitangazwa kwamba hata vipakatalishi vya wanaanga katika kituo cha kimataifa cha anga za juu vingehamishiwa Debian. Seva nyingi zinazotuletea kurasa za intaneti huendeshwa na mfumo huu au na mmojawapo wa watoto wake, nasi hatujui, kama vile mlaji wa ugali asivyomjua aliyelima mahindi.

Sasa, mradi mkubwa kiasi hicho ulikuwa na mlango wa namna gani? Februari 2011, toleo la sita lilipotolewa, tovuti ilibadilishwa sura baada ya kukaa na mtindo ule ule kwa takriban miaka 13. Katika muda huo mtoto huzaliwa, akamaliza darasa la nane la zamani na kubaki akisubiri matokeo. Mageuzi yaliyofuata yalichukua karibu miaka kumi mingine. Kikundi cha watu wa kujitolea wanaoishughulikia tovuti kilikutana Machi 2019 na kuanza kazi ya kuufumua muundo na maudhui yake. Ukurasa mpya wa kwanza haukuonekana hadi tarehe 17 Desemba 2020. Wenyewe walikiri waziwazi kwamba kazi ilichukua muda mrefu kuliko walivyotaka.

Kwa nini kazi inayoonekana nyepesi iwe nzito hivyo? Ninaona sababu tatu, na zote tatu tunazijua hapa nyumbani kwa majina mengine.

Sababu ya kwanza ni ile hali ya harambee. Sisi Wakenya tunajua vyema kwamba watu hujitokeza kwa wingi siku ya kuchanga fedha za kujenga darasa. Jiwe la msingi huwekwa, hotuba zikatolewa na picha zikapigwa. Lakini ni nani huchangishiwa ufagio wa kulifagia darasa hilo kila asubuhi? Ni nani hupigiwa makofi kwa kuziba dirisha lililovunjika? Mtungaji programu wa kujitolea naye ni binadamu. Hupenda kutunga programu, kwa kuwa humo ndimo mna fumbo la kufumbua na sifa ya kupata. Ukurasa wa maelezo kwa wageni si fumbo. Ni ufagio.

Sababu ya pili ilielezwa na Mwingereza C. Northcote Parkinson katika kitabu chake cha 1957 kuhusu tabia za ofisi na kamati. Alisimulia habari za kamati iliyokutana kuidhinisha mambo kadhaa. La kwanza lilikuwa mtambo wa nguvu za nyuklia, na kwa kuwa wanakamati wengi hawakuelewa lolote kuhusu nyuklia, walilipitisha kwa dakika chache. Jingine lilikuwa banda la kuwekea baiskeli. Hapo kila mmoja alikuwa na la kusema, maana kila mmoja amewahi kuona banda, na mjadala ukarefuka. Mnamo 1999 Poul-Henning Kamp, mmoja wa watungaji wa mfumo endeshi uitwao FreeBSD, aliwakumbusha wenzake kisa hicho walipokuwa wakibishana juu ya jambo dogo, na tangu siku hiyo "banda la baiskeli" limekuwa msemo wa kila siku katika miradi ya programu huria. Tovuti ndiyo banda la baiskeli lililo kubwa kuliko yote. Si kila mtu anaweza kukagua kiini cha mfumo endeshi, lakini kila mtu anayo rangi anayoipenda.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni kwamba kurasa haziwi na mwenyewe. Mtu huandika ukurasa mwaka 1999, akahama, akapata ajira, akaoa, akasahau. Ukurasa hubaki. Maelezo yake yamepitwa na wakati, lakini anayetaka kuyafuta hajui ni nani atakayeumia. Katika kampuni, mkurugenzi hutoa amri na mambo yakaisha. Katika jumuiya ya watu wa kujitolea hakuna amri, kuna maafikiano tu. Kwa hivyo kuongeza ni rahisi na kufuta ni vigumu, na mwaka hadi mwaka tovuti huwa kama stoo ya babu ambamo hakuna kinachotupwa kwa kuwa kila kitu kiliwahi kumfaa mtu fulani.

Wana-Debian walifanya mambo mawili makuu. Waliyaondoa au kuyasahihisha maelezo yaliyochakaa, na wakauunda ukurasa wa kwanza ambao ungemvutia mgeni. Hapa ndipo mimi kama mwanaisimu nilipoinua masikio. Ukurasa wa zamani ulianza kwa kueleza mfumo endeshi ni nini, kisha ukafuatiwa na orodha ndefu za viungo, habari na tahadhari za usalama. Ulikuwa ukurasa unaozungumza juu ya kitu. Ukurasa mpya unayo picha ya watu waliokusanyika, na jambo analolisoma mgeni kwanza ni kwamba Debian ni jumuiya ya watu. Habari za mfumo endeshi wenyewe hufuata.

Katika Kiingereza mabadiliko hayo hayaonekani katika sarufi. Katika Kiswahili yanaonekana mara moja, kwa kuwa sisi hatuwezi kusema lolote juu ya kitu kabla ya kuamua kimo katika ngeli gani. Debian iliyokuwa programu ilikuwa katika ngeli ya I-ZI: Debian imetolewa, Debian inapatikana. Debian iliyo jumuiya ya watu imehamia ngeli ya A-WA: Wana-Debian wamekutana, Wana-Debian wanakukaribisha. Mtu hawezi kujiunga na kitu cha ngeli ya I-ZI. Anaweza tu kukitumia, akakisifu au akakitupa. Lakini anaweza kujiunga na watu. Mradi unaoishi kwa nguvu za watu wanaojitolea, ambao baadhi yao huchoka, huzeeka na hata hufa kama alivyofariki Ian Murdock mwenyewe mwishoni mwa 2015, hauna budi kupata watu wapya kila mwaka. Nao hauwezi kuwapata kwa kuwaonyesha mashine peke yake. Kwa maoni yangu, huo ndio uzito wa jambo lililofanyika Desemba 2020.

Wenye kazi hawakujisifu. Walisema kwamba hawauhesabu ukurasa huo kuwa ndio wa mwisho bali ni hatua ya kwanza nzuri, kwamba wao ni kikundi kidogo ambacho wanachama wake wana majukumu mengine katika mradi, na kwamba wangehitaji msaada, hata ikibidi kutoka nje. Msomaji auzingatie ukweli huo. Mlango unaopitiwa na ulimwengu mzima hukarabatiwa na watu wanaoweza kuketi katika matatu moja.

Sasa nirudi katika lugha. Ikiwa Debian ni watu, basi watu wana lugha, na hapa mradi huu una sifa inayostahili kutajwa. Tovuti yake imepangwa kwa namna ambayo kivinjari cha msomaji, yaani programu anayofungulia kurasa za intaneti, huitaarifu seva kuhusu lugha anayoipendelea mwenye kukitumia. Seva ikiwa na ukurasa huo katika lugha hiyo, humpa. Ikiwa haina, humpa wa Kiingereza. Mgeni haulizwi anatoka wapi wala hatakiwi kutafuta bendera ya nchi yake. Mlango husikia hodi katika lugha ya mgeni na kujaribu kuitikia vivyo hivyo.

Vilevile kila ukurasa uliotafsiriwa hubeba alama inayoonyesha ulitafsiriwa kutokana na nakala ipi ya Kiingereza. Kiingereza kikibadilishwa, mfasiri huarifiwa kwamba tafsiri yake imeachwa nyuma, na ikizidi kuachwa, msomaji naye huonywa. Utaratibu huu una hekima ndani yake. Unakiri kwamba tafsiri si sanamu inayochongwa mara moja na kusimamishwa uwanjani. Ni shamba, na shamba hupaliliwa kila msimu.

Si miradi yote iliyokumbuka jambo hili wakati wa kufanya upya tovuti zake. Mwishoni mwa 2018 lugha ya kutungia programu iitwayo Rust, iliyokulia katika kampuni ya Mozilla, ilizindua tovuti mpya. Ile ya zamani ilikuwa imetafsiriwa na watu wa kujitolea katika lugha kadhaa. Mpya ilizinduliwa kwa Kiingereza peke yake, na utaratibu wa tafsiri haukurejeshwa hadi mwaka uliofuata. Hapana shaka kwamba waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na tarehe ya uzinduzi iliyowakaba koo, na kitu cha kwanza kutupwa baharini jahazi linapoelemewa kilikuwa lugha za wengine. Lakini mfasiri aliyejitolea usiku wake kwa miaka, kisha akaamka na kukuta kazi yake haimo, hufunzwa somo moja tu: kwamba alikuwa pambo, hakuwa mwenyeji.

Je, Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za tovuti ya Debian? Hakimo. Muhula mmoja niliwatuma wanafunzi wangu wa isimu-jamii wakaichunguze orodha hiyo ili tujadili siasa za lugha katika intaneti. Mmoja wao, msichana wa mwaka wa tatu, alirudi amekunja uso. "Daktari," aliniambia, "hata Kiesperanto kimewahi kutengewa mahali. Lugha aliyoibuni mtu mmoja chumbani mwake imo, sisi mamilioni hatumo. Wametubagua?"

Nilitamani kumjibu kwamba ndiyo, tumebaguliwa. Jibu hilo lingempendeza, nalo lingenipendeza mimi pia. Lakini halingekuwa kweli. Hakuna aliyetuzuia. Mlango uko wazi, na ungekisikia Kiswahili siku yoyote ambayo mtu angekileta. Waliokiingiza Kiesperanto hawakupewa kibali na Umoja wa Mataifa. Waliketi wakatafsiri. Isitoshe, nilipotafakari swali lile niliona aibu yangu mwenyewe. Nimeandika makala kadhaa za kitaaluma juu ya uundaji wa istilahi za tarakilishi katika Kiswahili. Zote nimeziandika kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyomwezesha Mswahili mmoja kufungua ukurasa mmoja kwa lugha yake.

Tuliamua basi kuutafsiri ule ukurasa wa kwanza kama zoezi la darasa. Zoezi nililolitengea kipindi kimoja lilikula vipindi vinne, na nilijifunza mengi kuliko wanafunzi. Tulianza na neno ambalo ndilo roho ya mradi wote. Kiingereza hulitumia neno moja tu kwa maana mbili, ya kitu kisicholipiwa na ya kitu kisichofungwa minyororo, na tangu Richard Stallman aanzishe harakati zake katika miaka ya themanini wenye programu hizi wamekuwa wakilazimika kueleza kila mara kwamba wao husema uhuru, hawasemi bei. Kiswahili hakina tatizo hilo. Tunalo "bure" na tunalo "huru", na kutokana na hilo la pili wataalamu walikwisha kutupatia "huria". Wahenga wetu hata walituonya kwamba cha bure ni ghali. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuelewa kwa sentensi moja jambo ambalo Waingereza hulielezea kwa aya tatu.

Kisha tulifika kwenye kitufe kikubwa kuliko vyote, kile cha kuuchukua mfumo kutoka katika seva na kuuingiza katika tarakilishi yako. Kwa hilo Kiswahili kinalo neno "pakua", ambalo mama hulitumia anapotoa wali chunguni na hamali hulitumia anaposhusha shehena bandarini. Kinyume chake ni "pakia". Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Ugomvi ulizuka juu ya mashine yenyewe, iwapo tuseme "tarakilishi" kama tulivyozoea Kenya au "kompyuta" kama wasemavyo ndugu zetu wa Tanzania, na ugomvi huo haukuisha hadi kengele. Hilo nalo lilikuwa banda letu la baiskeli.

Mwenzangu mmoja wa idara ya sayansi ya tarakilishi alipopata habari za zoezi letu alinicheka. Alisema kwamba kila Mkenya anayeweza kuendesha Debian anajua Kiingereza, hivyo tunampikia aliyeshiba. Hoja yake si ya kupuuzwa, na wengi huiamini. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, huwahesabu walio ndani tayari na kuwasahau waliokomea nje. Ni sawa na kusema kwamba ngazi haina haja kwa kuwa wote walioko ghorofani wanajua kuruka. Pili, lugha ambayo haitumiki kuendeshea vyombo vya wakati wake hupoteza polepole uwezo wa kuvizungumzia, halafu udhaifu huo huo huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba lugha hiyo haifai. Tumeuona mzunguko huo katika sheria, katika tiba na katika ufundishaji wa sayansi. Tukiuruhusu katika tarakilishi, tusije tukamlaumu Mwingereza.

Wala hatuwezi kudai kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na ilithibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana pindi watu wanapoketi kuzitafuta. Joomla nayo, katika mfululizo wake wa tatu, ilikuwa na Kiswahili katika orodha ya lugha ilizotafsiriwa. Lakini programu haikai mahali pamoja. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na tafsiri isiyopaliliwa huwa msitu. Uwezo wa kuanza tunao. Kinachotushinda ni kuendelea.

Na hapa sina budi kukamilisha ungamo langu. Darasa langu lilimaliza kuutafsiri ukurasa ule, na ulikuwa mzuri. Niliwauliza wanafunzi ni nani atakayeusimamia baada ya mitihani, yaani Kiingereza kitakapobadilika na ile alama ya kuachwa nyuma itakapowaka. Darasa zima lilitazama chini. Nami niliyeuliza nilitazama karatasi zangu. Tafsiri ile imebaki katika tarakilishi yangu tangu siku hiyo. Tulifanya harambee, tukapiga picha, tukaenda zetu.

Ninapendekeza nini basi? Kwanza, vyuo vikuu vyetu viihesabu kazi ya namna hii kuwa kazi ya kitaaluma. Leo mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala yatakayosomwa na watu wachache, lakini hapati hata nusu alama kwa kurasa zinazoweza kusomwa kutoka Kigoma hadi Lamu. Maadamu hali ni hiyo, kila mwenye akili ataandika makala. Pili, tuanze kwa uchache. Tovuti ya Debian ina maelfu ya kurasa, na anayeahidi kuzitafsiri zote ni mwongo au mgeni wa kazi. Kurasa kumi za mlangoni, zikitunzwa kwa miaka mitano, ni bora kuliko mia tano zitakazoachwa mwakani. Tatu, kazi hii isiwe ya Wakenya peke yao. Awepo Mtanzania na awepo Mkenya, wakubaliane juu ya istilahi, na wakishindwa wachague moja kwa kura ili kazi iendelee, kama wafanyavyo Wana-Debian wenyewe.

Kwa upande wangu, nimewaandikia wawili kati ya waliokuwa wanafunzi wangu, akiwemo yule msichana wa Kiesperanto, ambaye siku hizi ni mwalimu wa shule ya upili. Wote wawili wamekubali. Tutauleta kwanza ule ukurasa uliolala katika tarakilishi yangu, baada ya kuulinganisha na Kiingereza kama kilivyo sasa, maana umeachwa nyuma sana. Sitatoa ahadi zaidi ya hiyo.

Wahenga walituambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walikuwa wakimwasa mgeni asidanganyike na nakshi za nje. Lakini methali hiyo inamtaka pia mgeni afungue na aingie, na kuingia hakufanywi na mwenye nyumba kwa niaba yake. Lile neno "jumla" ambalo Joomla ililichukua kwetu, sisi tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko katika sarufi lina maana nyingine: ni sentensi, maneno yaliyounganishwa hadi yakaleta maana kamili. Tumekwisha kutoa neno moja hapa na jingine pale. Sentensi yenyewe bado hatujaiandika.

Mwandishi wa makala haya ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja hapa nchini.